Malalamiko kuhusu spana ya torki na karatasi ya maelekezo iliyoharibu uzi wa injini

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Zana na Vipuri vya Pikipiki,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SPANA YA TORKI YA NUSU INCHI NA KARATASI YENU YA MAELEKEZO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mwenzangu tuna gereji ya pikipiki Tandika. Kazi zetu nyingi ni bodaboda, ila safari hii mzee wetu mmoja wa Mbagala alituletea Honda CG125 ya zamani tuifungue injini yote na kuijenga upya. Honda walianza kuitoa pikipiki hii mwaka 1976, na injini nyingi za bodaboda za Kichina zinazokimbia hapa mjini zimeigwa kwake, kwa hiyo hatukuwa wageni nayo. Tofauti ni kwamba krenki kesi, yaani ganda la injini, ya bodaboda ikiharibika unakwenda Gerezani na kurudi na nyingine siku hiyohiyo. Ya Honda hii halisi, utazunguka mpaka viatu viishe.

Ndiyo maana hatukutaka kukaza kwa kukisia. Tulinunua kwenu spana ya torki, ile unayoipangia nguvu ya kukaza nayo ikalia "ka!" ukiifikia, kwa risiti ya EFD ambayo nakala yake nimeambatisha. Ndani ya boksi mlikuwa mmeweka karatasi ya Kiswahili yenye nembo ya duka lenu, inayoelekeza namna ya kukaza bolti za injini ya pikipiki. Wazo ni zuri, na maduka mengi hayajisumbui hata hivyo. Shida ni yaliyoandikwa humo.

Karatasi inasema bolti ya milimita 6 ikazwe kwa Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) na ya milimita 8 kwa Nm 22. Namba hizo ni sahihi, ndizo Honda wenyewe huzitoa kwa bolti za kawaida. Sasa chukueni spana mliyotuuzia muisome mpini wake: inaanzia Nm 28 na kuishia 210. Hiyo ni spana ya nati za gari na ekseli. Hiyo 10 iko wapi? Karatasi yenu ina jibu, na jibu lenyewe ndilo lililoniandikisha barua hii: "Kama namba haipo, zungusha mpini ushuke chini ya mstari wa kwanza."

Chini ya mstari wa kwanza hakuna kipimo, ndugu Meneja. Springi ya ndani inakuwa imelegea kabisa, na ule mlio wa "ka!" unaokwambia uache haupo wa kuuamini. Mwenzangu alikaza bolti za kava ya klachi akisubiri mlio kama karatasi ilivyoagiza. Hakuusikia. Alichosikia ni bolti kuwa laini ghafla mkononi, na kila fundi anajua maana yake: uzi wa aluminiamu, ile mikato ya ndani ya tundu inayoshika bolti, umetoka wote umeng'ang'ania kwenye bolti. Bolti ni chuma, kesi ni aluminiamu, na kati ya hizo mbili anayeshindwa ni aluminiamu siku zote.

Nilipoleta malalamiko dukani, kijana wenu wa kaunta alinijibu kuwa fundi wangu ana mkono mzito. Sikumjibu vibaya, lakini nyinyi nawauliza: mtu ananunua spana ya torki kwa sababu gani kama si kuutoa mkono wake kwenye hesabu?

Kuna la pili, na hili linaweza kuharibu injini nyingi zaidi kimyakimya. Mmeandika kwamba bolti zote zipakwe oili kwenye uzi kabla ya kukazwa. Namba mlizotoa ni za uzi safi na mkavu. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia kwenye spana huliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na ndani ya uzi. Inayobaki kuivuta bolti yenyewe ni kama asilimia 10 tu. Ukipaka oili msuguano unapungua, na kwa namba ileile bolti inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Zipo sehemu zinazotaka oili, lakini kitabu cha mtengenezaji huzitaja moja moja. Hakisemi "zote".

Tena mchoro wenu unaonyesha nati za silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) zikikazwa kwa kuzunguka duara. Zinakazwa kwa msalaba, na kwa awamu, si kwa mkupuo mmoja. Vinginevyo hedi inakaa upande na gasketi inaanza kuvujisha.

Tundu lililoharibika limeshatengenezwa. Mchongaji alitoboa upya, akakata uzi kwa tepu na kuingiza uzi wa chuma, kwa Sh 60,000 ambazo mzee hakustahili kulipa na hakulipa. Tulilipa sisi.

Naomba mturudishie gharama hiyo. Naomba pia mtubadilishie spana hiyo kwa ya robo inchi, inayoanzia Nm 5 hadi 25 au karibu na hapo, kwa kuwa ndiyo inayofaa bolti ndogo za injini ya pikipiki. Kama bei zinatofautiana tutaelewana. Na karatasi hiyo iondolewe kwenye maboksi yaliyobaki dukani. Juzi nimepita nikaona bado mnayauza, na wanunuzi wengi ni vijana wanaoanza gereji ambao wataamini kilichochapishwa.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani pamoja na risiti, karatasi yenu na ile bolti, ambayo bado ina uzi wa aluminiamu umeizunguka.

Wenu,

Mteja, Tandika, Temeke.

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala ya karatasi ya maelekezo, picha za kava na bolti, risiti ya mchongaji.