Mwenye kadi ya kijani na akaunti Tanga asisubiri barua

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linalovuma kwenye baraza za Ngamiani na Makorora, na linalovuma vibaya. Wapo wanaoambizana kwamba Marekani inachukua fedha za kila mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, aliyefungua akaunti nyumbani. Wapo wanaosema akaunti ya Tanga haimhusu Mmarekani hata kidogo. Hakuna lililo kweli kati ya hayo, ila hilo la pili ndilo linalowaponza watu.

Mambo yako hivi. Sheria ya Marekani ya 1970 inamtaka raia wa nchi hiyo, mwenye kadi ya kijani, na hata mgeni aliyekaa kule siku za kutosha kuhesabiwa mkaazi wa kikodi, aripoti akaunti zake zilizo nje ya Marekani endapo jumla yake ilipita dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka. Fomu yenyewe ni FinCEN 114, maarufu kwa jina la FBAR. Haiambatani na ritani ya kodi. Inajazwa peke yake mtandaoni, kwenye mfumo wa FinCEN, idara iliyo chini ya Hazina ya Marekani, na hailipiwi hata senti. Mwisho ni Aprili 15, na aliyepitwa na tarehe hiyo ana nyongeza hadi Oktoba 15 bila kuandika barua ya kuomba. Kuripoti akaunti si kulipa kodi. Fomu hii haina mahali pa kulipia.

Kosa la kwanza liko kwenye hesabu. Wengi hutazama salio la Desemba 31, kumbe fomu inauliza kiwango cha juu kabisa ambacho kila akaunti ilifikia siku yoyote ya mwaka, kisha viwango hivyo vinajumlishwa. Chukua mtu aliyekuwa na shilingi milioni 14 kwenye akaunti ya akiba mwezi Februari, Juni akazihamishia zote kwenye akaunti ya muda maalumu. Hakuwahi kuwa na zaidi ya milioni 14. Lakini akaunti ya kwanza ilifika 14 na ya pili ikafika 14, jumla 28. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni dola 11,200, na tayari amevuka. Kiwango cha kubadilishia fedha si kile cha siku fedha zilipoingia wala cha duka la fedha. Ni kile kinachotangazwa na Hazina ya Marekani kwa Desemba 31 ya mwaka husika, nacho kiko wazi kwenye tovuti yake. Senti hupandishwa: dola 5,600 na senti 20 huandikwa 5,601. Na ukishavuka, unaorodhesha akaunti zote, hata ile yenye elfu thelathini iliyolala tangu siku uliyopanda ndege.

Kosa la pili ni kusema “ile si yangu”. Akaunti ya pamoja na mama huandikwa thamani yake nzima, si nusu. Aliye mtia saini wa akaunti ya madrasa, kamati ya msikiti au timu ya mpira anaripoti pia, kwenye sehemu yake maalumu ya fomu, ijapokuwa hana hata shilingi moja mle ndani. Mtoto aliyezaliwa Marekani kisha akafunguliwa akaunti na bibi yake hapa Chumbageni naye yumo, na mzazi ndiye anayemjazia. Vipande vya mfuko wa pamoja wa uwekezaji kama UTT navyo vinahesabiwa, na juu yake vinaweza kudai fomu nyingine, 8621, ambayo mhasibu huitoza bei kuliko faida ya mfuko wenyewe. Nyumba, kiwanja na fedha taslimu kabatini havimo.

Ugumu wa kweli uko kwa fedha za ujenzi. Mtu yuko Ohio, anamtumia kaka yake fedha za kujengea kiwanja cha Kange, na akaunti ni ya kaka kwa jina na kwa saini. Je, inaripotiwa? Inategemea ni “nimekupa” au “niwekee”. Akiwa kaka anashika fedha kwa niaba ya mwenzake, mwenye akaunti mbele ya sheria ya Marekani ni yule aliye Ohio. Ujumbe wa simu uliosema “usiguse, ni za mabati” unaweza kuonyesha fedha ni za nani. Hapa hakuna haja ya kubahatisha, ulizeni.

Kuhusu vielelezo, usiombe benki taarifa ya miezi sita kama ile ya kuombea viza. Omba ya Januari 1 hadi Desemba 31, mwaka mmoja mmoja, yenye muhuri. Usome safu ya salio, si safu ya fedha zilizoingia, upige mstari kwenye namba kubwa kuliko zote. Kando yake andika jina la benki, anwani ya tawi, namba ya akaunti, aina yake na jina lililofunguliwa. Benki zilizobadilika jina huwasumbua watu: aliyekuwa TPB anakuta taarifa za kuanzia 2021 zinasema TCB, akadhani ana akaunti mbili. Namba ya akaunti ikibadilika benki ilipohamia mfumo mpya, omba barua fupi inayounganisha namba ya zamani na mpya, la sivyo fedha zile zile zitahesabiwa mara mbili. Ndugu anayetumwa kuchukua taarifa hapewi bila hati ya uwakilishi, na matawi hayafanani katika hati wanayoikubali. Uliza tawi kwanza, ndipo umlipe mthibitishaji wa hati wa kule uliko. Kumbukumbu hizi huhifadhiwa miaka 5 tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha.

Kisha kuna riba, ambayo ndiyo inayotozwa kodi. Akaunti ya muda maalumu ya shilingi milioni 20 kwa asilimia 8 inazaa milioni 1.6 kwa mwaka. Benki inakata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 160,000, na wewe unaona milioni 1.44. Kwenye ritani ya Marekani inaandikwa milioni 1.6 nzima, halafu zile 160,000 zinadaiwa kama kodi iliyokwisha kulipwa nchi nyingine. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, hivyo nafuu hiyo inatoka kwenye sheria ya Marekani yenyewe, na asiyeidai haipati. Riba hubadilishwa kwa wastani wa mwaka, si kwa kiwango cha Desemba 31. Kuchanganya viwango hivi viwili hakumpeleki mtu jela, lakini kunafanya namba zisioane.

Kisanduku kimoja tunakiogopa kuliko fomu zote. Kiko kwenye Jedwali B la ritani, sehemu ya tatu, panapoulizwa kama ulikuwa na akaunti nchi ya nje. Wajazaji wa kodi wa mitaani huweka alama ya “hapana” bila kukuuliza, nawe unatia saini. Miaka ikipita, alama hiyo ndiyo inayoshikwa kama dalili kwamba ulijua ukaficha. Itafute kwenye ritani zako za nyuma leo. Wenye mali kubwa zaidi wana fomu 8938 pia, inayokwenda pamoja na ritani: kwa asiye na mwenzi anayeishi Marekani inaanza zikipita dola 50,000 siku ya mwisho ya mwaka au 75,000 wakati wowote, kwa anayeishi nje ni 200,000 na 300,000. Kujaza moja hakukuondolei nyingine.

Wanaodhani hawatajulikana wakumbuke kwamba tangu Marekani ipitishe mwaka 2010 sheria ya FATCA, inayotaka benki za nje ziripoti akaunti za Wamarekani, benki nyingi duniani zinawauliza wateja kuhusu uraia, mahali walipozaliwa na anwani ya Marekani. Lile swali kwenye fomu ya kufungulia akaunti halikuwekwa kujaza nafasi.

Adhabu nazo zina ngazi. Asiyekusudia hutozwa hadi dola 10,000 kwa msingi wa sheria, na kiwango hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Aliyekusudia hutozwa hadi dola 100,000 zilizopandishwa vivyo hivyo au nusu ya fedha zilizomo, lolote lililo kubwa. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bittner, aliyedaiwa dola milioni 2.72 kwa akaunti 272 za miaka mitano. Majaji watano kwa wanne walisema adhabu ya asiyekusudia inahesabiwa kwa fomu ya mwaka, si kwa kila akaunti, na dai likashuka hadi dola 50,000. Ni nafuu kubwa, ila dola 50,000 bado ni nyumba nzima hapa Tanga.

Sasa aliyekosa miaka ya nyuma afanyeje? Milango iko mitatu, na kuingia usio wako ndiko kunakoharibu. Aliyelipa kodi yote ya riba na kukosa FBAR tu, na hajapata barua ya ukaguzi, hutuma FBAR zilizochelewa akieleza sababu, na kwa kawaida hatozwi adhabu. Aliyeacha kuripoti riba pia, bila kukusudia, ana utaratibu uliorahisishwa: ritani za miaka 3 na FBAR za miaka 6. Anayeishi nje, akiwa hana makazi Marekani na alikaa nje siku 330 kamili walau katika mwaka mmoja kati ya hiyo mitatu, analipa kodi na riba ya kuichelewesha tu, kwa fomu 14653. Anayeishi Marekani anatumia 14654 na kutozwa asilimia 5 ya mali husika, na lazima awe alikuwa akiwasilisha ritani. Asiyewahi kuwasilisha mlango huo haumfungukii. Aliyejua akaficha asithubutu kutia saini fomu hizo, maana anaapa. Mlango wake ni kujitangaza kwa hiari kwa fomu 14457, akiwa na wakili ubavuni tangu siku ya kwanza.

Ritani za utaratibu wa walio nje zikitumwa kwa karatasi huandikwa juu ya ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, “Streamlined Foreign Offshore”. Bila maneno hayo zinachukuliwa kama ritani za kawaida zilizochelewa. Na yale maelezo ya kwa nini hukuripoti ndiyo moyo wa fomu. “Sikujua” peke yake haitoshi. Eleza akaunti ilifunguliwa lini, kwa nini, fedha zilitoka wapi, nani alikujazia ritani na alikuuliza nini, pamoja na yale yasiyokupendeza. Wanaonakili maelezo ya mwenzao hujulikana.

Kuhusu msaada wa sheria, tunasema bila kuzunguka: mwenye shaka hata ndogo juu ya kukusudia aanze kwa wakili wa kodi wa Marekani, si kwa mhasibu. Mazungumzo na wakili yana kinga ya siri. Ya mhasibu ina mpaka, na haifiki kwenye jinai. Uliyomsimulia anaweza kuitwa kuyasema. Wakili ndiye amwajiri mhasibu chini yake, na siri ikabaki ndani. Sheria ni ya shirikisho, hivyo wakili mwenye leseni ya jimbo lolote anaweza kukuwakilisha mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa fomu 2848, hata wewe ukiwa Pongwe. Hakikisha leseni yake kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo lake. Mkataba uandikwe: miaka mingapi, fomu zipi, ada kiasi gani, na nani anaandika maelezo. Anayekuahidi kurekebisha ritani kimya kimya, au anayekutajia mlango kabla hajauliza ulijua nini na lini, mwache. Wakili wa hapa Tanga atakufaa kwa hati za uwakilishi, kuthibitisha nakala na kushughulika na benki. Ushauri wa kodi ya Marekani si kazi yake. Wenye kipato kidogo walioko kule wana kliniki za walipakodi zinazoitwa LITC, bure au kwa ada ndogo, nazo husaidia pia wasiomudu Kiingereza vizuri. Kwa kawaida hushika mashauri yasiyozidi dola 50,000.

Neno moja kwa waliorudi moja kwa moja. Ukishakuwa mkaazi wa kikodi Tanzania, TRA inatazama mapato yako ya dunia nzima, riba ya akaunti uliyoiacha ng'ambo ikiwemo, na ritani ni ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha. Nafuu ya kutozwa mapato ya Tanzania tu ni kwa aliyekuwa mkaazi miaka isiyozidi miwili katika maisha yake yote. Aliyesomea shule ya msingi hapa Tanga hana. Na kadi ya kijani iliyokwisha muda haikutoi kwenye kodi ya Marekani. Inayokutoa ni kuirudisha rasmi kwa fomu I-407, na aliyeishika katika miaka 8 kati ya 15 amuone wakili kabla hajaijaza, siyo baada.

Aliye na mwaka huu tu wa kuripoti hahitaji mtu wa kumlipa. Ajaze, atume, na asubiri barua pepe yenye namba ya BSA inayothibitisha kwamba fomu imepokelewa. Aichape na kuibana pamoja na taarifa za benki, maana skrini iliyoandika “imetumwa” si risiti.

Wako,
Mhasibu na wakili, wasomaji wako
Chumbageni, Tanga