Barua kwa mwanangu anayehamia Kigoma

Mpwapwa,
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Simu yako ya juzi ilinifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Nimefurahi kwa sababu uhamisho wa Kigoma umekuja na cheo ulichokingoja kwa muda mrefu, lakini nimepata wasiwasi kwa sababu ulipofika kwenye habari ya nyumba yenu ya Iyumbu, Dodoma, ulisema tu kwamba atakaa binamu yako, bure, ili isibaki tupu, kisha ukaanza kunieleza bei ya lori. Sikutaka tubishane kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Habari ya kuuza sitaisemea sana. Mkopo uliojengea nyumba hiyo bado unakatwa kwenye mshahara wako, na hata kama usingekatwa, nyumba ya familia haiuzwi kwa sahihi ya mtu mmoja: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzako aridhie, na mkwe wangu amekwisha kuniambia kwamba haridhii. Hapo naona mjadala umekwisha.

Kuhusu binamu yako, yeye ni mtoto wa kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo usidhani namwonea. Ninachokiogopa ni lile neno “bure”. Mwaka 1993, baba yako alipohamishiwa Tabora na ninyi mkiwa wadogo, tulimwachia nyumba yetu ya Chang'ombe, ya hapo hapo Dodoma, ndugu yake mmoja ambaye sitamtaja hapa. Hatukuandikiana chochote, kwa maana tuliona ni aibu kumwandikia ndugu karatasi. Niliporudi likizo baada ya miaka minne nilivuta mlango wa chumba cha nyuma, na kipande cha fremu kikabaki mkononi mwangu. Nyuma yake kulikuwa na njia ya udongo, nyembamba kama kidole, iliyotoka sakafuni ikapanda ukutani hadi kwenye kenchi. Niliigonga kwa ufunguo, udongo ukaporomoka, na mbao iliyokuwa ndani ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Nilipomuuliza yule ndugu kama hakuwaona mchwa, alinijibu kwa upole kabisa, “Shemeji, niliwaona, nikadhani mnajua.”

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi, na sasa naona hakuwa mtu mbaya. Hatukumwambia kwamba kuangalia mchwa ni kazi yake, wala hatukumwambia ni nani anayelipa ankara ya maji, ambayo nayo tulikuta deni lake. Kwa kuwa hakuwa akitulipa hata shilingi, hatukuwa na mdomo wa kumdai chochote, naye hakuona sababu ya kuigharamia nyumba isiyo yake. Tuliezua nusu ya paa. Fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya ada zenu ziliishia kwenye mbao na misumari, na baba yako na nduguye hawakusalimiana vizuri hadi msiba wa bibi yenu ulipowakutanisha.

Kwa hiyo mimi nasema mpangishe mtu baki, kwa mkataba. Iyumbu ni jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko kweli, watumishi wanaotafuta nyumba nzima yenye uzio hawakosekani. Yule dalali aliyekushauri uweke samani upangishe wabunge wakati wa vikao usimsikilize; Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na wewe ukiwa Kigoma, ni nani atakayefagia vumbi la Agosti? Dalali yeye anachukua chake cha mwezi mmoja kila anapoleta mpangaji mpya, kwa hiyo wapangaji wa muda mfupi wanamfaa yeye kuliko wewe.

Mkataba wenyewe uwe mrefu kidogo kuliko ile karatasi ya kurasa mbili inayouzwa kwenye vibanda vya stesheneri. Andikeni waziwazi kuhusu kodi ya majengo, kwa sababu tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani anayenunua umeme ndiye anayetoa fedha ilhali mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba, na ugomvi mdogo wa namna hiyo ndio unaoharibu mwaka mzima. Mrudishie katika kodi ya pango, yaishe. Andikeni nani anasafisha simtanki, nani anapiga dawa ya mchwa kabla mvua za Desemba hazijaanza, na ni lini mtu wako ataingia kukagua. Akikulipa miezi sita kwa mkupuo, usiimalize yote kwenye lori na mapazia ya Kigoma. Toa humo kodi ya ardhi ya mwaka, na utenge kiasi cha matengenezo.

Binamu yako anaweza kupewa chumba cha uani awe msimamizi wako, kwa kuwa ni kijana mwaminifu na hana pa kukaa. Lakini hata yeye aandikiwe, na chumba hicho kitajwe kwenye mkataba wa mpangaji ili wasije wakagombania bomba. Nitamweleza kaka yangu mimi mwenyewe, wewe usijitie katika hilo.

Jambo la mwisho ni hati. Yetu ya Chang'ombe ilikuwa ya CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ya umiliki wa miaka 33, na mamlaka hiyo ilipovunjwa mwaka 2017 ikatangazwa kwamba wamiliki watapewa miaka 99, mimi nilikwenda dirishani na karatasi iliyoliwa pembe, kwa sababu tulikuwa tumeiacha ndani ya kabati, katika chumba kile kile cha nyuma. Yako usiiache Iyumbu, wala usiipakie kwenye lori pamoja na vyombo. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije kuwaaga. Mwambie mkwe wangu aiweke kwenye mkoba wake wa mkononi, na nakala moja aniandalie mimi.

Mama yako