Barua ya wazi kwa vijana wapiga tarumbeta: punguzeni kelele, imbeni kwanza

Wanangu wa matarumbeta, wa makanisani, wa majeshini, wa bendi za harusi, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana nilichokiona kwenye lile tamasha la juzi sikukipenda hata kidogo. Wimbo wa kanisa wa taratibu kabisa, nyie mnashindana nani anapanda juu zaidi, waimbaji hawasikiki, tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, haisikiki, halafu kijana mmoja noti ikampasukia na wenzake wakacheka, simu zikatolewa kumrekodi. Ndo mnavyofundishana hivyo?

Mimi nilisoma Chicago miaka ya 1980, enzi Adolph Herseth, Bud kama watu walivyomwita, ndiye tarumbeta ya kwanza, yaani mkuu wa wapiga tarumbeta, kwenye okestra ya simfoni ya mji ule. Kiti hicho alikikalia toka 1948 mpaka 2001, pigeni hesabu wenyewe. Watu wanamkumbuka kwa sauti kubwa na kweli ilikuwa kubwa, lakini sisi tuliokuwa tunakaa kule juu kwenye tiketi za bei chee tulikuwa tunamsubiri pale anapopiga kwa sauti ndogo. Simfoni ya tano ya mtunzi Mahler inaanza na tarumbeta peke yake, okestra nzima imekaa kimya, na imeandikwa ianze kwa sauti ndogo. Ndogo jamani! Noti tatu za haraka na moja ndefu, tena na tena, halafu inakua kidogo kidogo mpaka ukumbi unajaa na wengine wote wanaingia. Sasa wewe unayeanza na kelele toka noti ya kwanza, utakua kuelekea wapi?

Mwalimu wangu yeye alikuwa mfuasi wa Arnold Jacobs, mpiga tuba wa okestra hiyohiyo toka 1944 hadi 1988, ambaye hata wapiga tarumbeta wakubwa walikwenda kujifunza kwake. Jacobs alifundisha kwamba wimbo uwepo kichwani na pumzi ipite bila kubanwa, misuli itajipanga yenyewe. Kwa hiyo kwa mwalimu wangu tarumbeta haitoki kwenye mkoba mpaka umeimba mstari wote, ukikosea unaimba tena, na watu wazima na vyeo vyao walikuwa wanaimba pale mbele ya wenzao na hakuna aliyethubutu kucheka. Mnajua Herseth alipata ajali ya gari mwaka 1952, mdomo ukachanika na meno yakaumia? Alirudi kitini, akapiga karibu miaka hamsini mingine. Mimi naamini alirudi kwa sababu ile sauti ilikuwa inakaa kichwani kwake, haikuwa mdomoni. Nyie mnabadilisha mauthpisi, kile kipande cha kupulizia, kila mara mkitafuta noti za juu ambazo hata kuziimba hamwezi.

Mengine nayataja tu. Kitabu cha mazoezi cha Arban cha 1864 bado kinatosha, kipigeni polepole. Pumzika muda sawa na uliopiga. Jifunzeni kuhamisha funguo za muziki papo hapo, yaani noti imeandikwa kwa funguo moja wewe unaipiga kwa nyingine; William Vacchiano, aliyekuwa tarumbeta ya kwanza kwenye okestra ya New York, hakuwa na mchezo kwenye hilo. Osheni tarumbeta, baadhi yenu zinanuka.

Na nyie wazee wenzangu mnaoongoza hizi bendi, msidhani nimewasahau. Mtoto hawezi kusikia sauti nzuri kichwani kama hajawahi kuisikia popote, na mnamfokea mbele ya kanisa zima akikosea wakati hamjamtafutia mwalimu. Mnachangisha hela za spika kubwa, vali za tarumbeta, vile vibonyezo vya vidole, zimekwama toka mwaka juzi. Kamati ikikaa kupanga bajeti, andikeni mwalimu na mafuta ya vali kabla hamjafika kwenye spika na sare, na kama hela haitoshi semeni, mimi nina wanafunzi wangu wa zamani watakaokuja kufundisha bure Jumamosi.