Msiwatishe wazee na valvu za ng'ombe

Mhariri, habari za kazi. Ile makala yenu ya afya iliyosema valvu ya moyo (kile kilango cha kupitisha damu) inayotokana na mnyama inakufa baada ya miaka 10 imemnyima mama yangu usingizi, ana miaka 70 na kitu na anayo hiyohiyo, ananiuliza kwani mimi nimewekewa kitu kibovu?

Kuchakaa zinachakaa, nani anabisha, ila umri mmeuruka. Kwa kijana kalsiamu inajijenga haraka valvu inakakamaa, ndo maana walio chini ya miaka 50 mara nyingi wanashauriwa ya chuma, lakini aliyevuka 65 yake inachakaa taratibu, wengi wanafika miaka 15 na tuseme tu ukweli, wengi wanafariki na mambo mengine valvu bado nzima.

Na hiyo ya chuma mnayoisifia ni wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na INR, kipimo cha damu inavyoganda, kila mara, ukizidisha kisamvu wiki hii kipimo kinashuka, maana yake dawa imepungua nguvu. Jirani yetu anayo, usiku kukiwa kimya unaisikia kabisa ikigonga tik tik, mwenyewe kashazoea. Sasa mzee ateleze bafuni ajigonge kichwa na damu yenyewe haigandi, si balaa hilo? Mama wafarini alimeza miezi ya mwanzo tu.

Hata ikichakaa siyo lazima apasuliwe kifua tena. Ile njia ya kupitisha valvu kwenye mshipa wa pajani, aliyoianza Dk. Alain Cribier kule Rouen, Ufaransa, 2002, siku hizi inatumika kuweka mpya ndani ya ile ya zamani (bei yake tuiache kwanza). Halafu Waislamu wenzangu, zipo za nguruwe na zipo zinazotengenezwa na ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe, ulizeni kabla ya kuingia theatre, sisi hatukuambiwa mpaka mama alipouliza mwenyewe.

Mngeandika kuhusu kliniki basi! Wazee wakishaweza kupanda ngazi bila kuhema wanaacha kwenda, wakati eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, inatakiwa mara kwa mara. Na meno, bakteria wa jino bovu wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu, ndo maana antibayotiki inatangulia kabla ya kung'oa. Kuna zahanati moja koleo lilikuwa tayari mkononi, hakuna aliyemuuliza mama chochote, ikabidi mwenyewe afungue kanga awaonyeshe kovu la kifuani.

Msomaji wenu, Tanga