Siku ya kusi nayo iandikwe

Mhariri, salamu. Mpwa wangu anasoma Madison kule Marekani na juzi kanitumia video ya ziwa lao la Mendota barafu ikikatika, nimeiangalia mara sijui ngapi.

Mimi nilidhani barafu ya ziwa huyeyuka polepole kama ile ya friji stima zikipotea. Kumbe jua la mwezi wa tatu linapenya ndani linaipasua vijiti vya kusimama kama mishumaa imepangwa, ukitazama juu waona bado nene lakini nguvu haina tena, mtu akikanyaga anazama, halafu siku moja upepo unavuma unaisukuma mpaka ufuoni inalia kama glasi zinavunjika, na ikifika jioni ni maji matupu.

Sasa kilichonishika ni kuwa hiyo siku inaandikwa. Mendota wanaandika tangu miaka ya 1850. Ziwa jengine huko huko Marekani, Winnipesaukee, wanaandika tangu 1887, na hawatangazi limefunguka mpaka meli yao ya Mount Washington iweze kufika bandari zake zote, yaani kipimo chao ni chombo kama sisi tu watu wa pwani. Finland, mto Tornio, tangu 1693! Na Japani makasisi wa Shinto, dini yao ya jadi, kwenye ziwa Suwa wameandika siku linapoganda tangu 1443, Fort Jesus haijajengwa bado. Ndio maana leo Madison wanajua barafu yao inakaa karibu mwezi mzima pungufu kuliko zamani, na hakuna wa kubisha, tarehe ziko.

Sisi je? Marehemu babangu alikuwa mvuvi Likoni, akihesabu miongo yake, yaani makumi ya siku, kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wetu wa pwani, na kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, ikianza kulegea anatwambia vuteni ngalawa juu, na kweli siku mbili tatu baadaye bahari imechafuka, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imeingia. Hakuandika hata mstari mmoja, na mimi mwanawe sikumuuliza nikiwa na kalamu mkononi, hilo linaniuma mpaka leo. Sasa ukikaa na wavuvi kwenye kahawa huyu asema kusi siku hizi yachelewa, yule asema ni vile vile, na wote wawili wanaapa.

Mhariri naomba gazeti lako litupe kisehemu kidogo tu kila mwaka, wavuvi na manahodha wa Likoni, Old Town, Mtwapa, hata Shimoni, walete siku kusi ilipoingia kwao na siku kaskazi iliporudi, ichapishwe na jina la mahali. Na kama kuna mtu ana daftari la babake au babu yake aliyekuwa nahodha, limelala kwenye sanduku linaliwa na mchwa, tafadhali alitoe tulinakili kabla halijaisha.

Mvuvi mstaafu,
Likoni, Mombasa