Maandalizi ya kazi yasisubiri matokeo ya Kidato cha Nne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, walimu na mafundi wa Jiji la Tanga kuhusu jambo ambalo kila mwaka tunalikumbuka likiwa limekwisha kuchelewa, nalo ni kuwaandaa vijana wetu kwa maisha ya kazi baada ya shule.

Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na wanaochaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano huanza masomo Julai. Katika nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Mabawa mazungumzo kuhusu kazi huanza matokeo yakishatoka, tena huanza kwa wale tu ambao alama zao hazikutosha. Hapo ndipo mzazi hukumbuka kuwa kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilhali masomo ya kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari hiyohiyo na maombi yake hupokelewa miezi kadhaa kabla. Kijana hukaa nyumbani akisubiri mwaka mwingine, huku akiwa amekwisha kuelewa, kwa jinsi tulivyomweleza, kwamba ufundi ni fungu la walioshindwa. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani, na vijana waliomaliza shule huja kwangu kuomba kujifunza. Mwaka jana alikuja binti aliyekuwa amefaulu vizuri Fizikia. Kanuni ya Ohm aliijua barabara na hesabu zake alizipiga bila karatasi, lakini nilipompa mita apime mota ya pampu iliyoletwa ikiwa haizunguki, alisita, kwa kuwa hakuwahi kuishika maishani mwake. Nilimwonyesha mahali pa kugusisha ncha mbili za mita, nikamwacha. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelinganisha koili zote tatu na kuniambia mwenyewe kwamba mbili zinatoa vipimo vinavyokaribiana na ya tatu imekatika ndani. Binti huyo alikuwa na elimu ya kutosha kuanza kazi. Alichokosa ni mtu wa kumfikisha karibu na kazi miaka miwili mapema, na kazi hiyo ingekuwa yetu sisi watu wazima.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893, na kwa miongo mingi mkoa wetu uliishi kwa zao hilo, hata mzee akawa na uhakika kwamba mwanawe naye atapata riziki shambani au kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge. Kamba za plastiki zilipoenea na bei ya mkonge ikaanguka, aliyejua kukata majani tu alibaki bila pa kwenda, ilhali fundi aliyekuwa akizitunza mashine za korona aliweza kuupeleka ujuzi wake kwenye kiwanda cha saruji, bandarini au kokote penye mota. Leo tunalitazama bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443, na vijana wengi wanaliona kuwa ndilo jibu la kila swali. Ni mradi mkubwa na nauombea heri, lakini kazi nyingi za ujenzi huisha ujenzi unapokwisha. Kijana aingie humo akiwa na ujuzi wa kuchomelea, wa umeme au wa kuendesha mitambo, ili siku mkataba wake utakapokwisha awe na kitu cha kuondoka nacho.

Kuna pia suala la nyaraka, ambalo wengi huliona dogo hadi linapowakwamisha. Cheti cha kuzaliwa husema Mwanahamisi Ali, shule imemwandikisha Mwanahamis A. Juma kwa jina la babu, na kitambulisho cha NIDA, ambacho huombwa mtu akifikisha miaka 18, hufuata kimojawapo. Jina likishachapwa katika cheti cha Baraza la Mitihani, kulirekebisha si jambo jepesi, na familia huanza kutafuta hati ya kiapo siku mbili kabla ya maombi ya kazi au ya chuo kufungwa. Mzazi aliye na mtoto wa Kidato cha Tatu aviweke vyeti vyote mezani jioni moja, avisome herufi kwa herufi, na akiona tofauti aende shuleni na RITA, wanakosajili vizazi, mapema.

Mtaala mpya wenye mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi, ulianza kufundishwa mwaka 2024 katika baadhi ya shule, na ni hatua njema. Hata hivyo, wanafunzi wengi bado wako katika mkondo wa jumla, nao pia watahitaji kufanya kazi. Ninachopendekeza kinawezekana hapa mjini bila kusubiri sera nyingine: kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu apewe wiki mbili za likizo ya Juni katika karakana, gereji, duka la dawa, ofisi au kiwanda, akiwa na barua ya shule na mtu mmoja wa kumsimamia.

Baadhi ya mafundi wenzangu hawatapenda nitakalosema, lakini ni lazima lisemwe. Tumezoea kumtuma kijana chai na kumwachia ufagio mwaka mzima, kisha tukadai kwamba tunamfundisha kazi. Na hata anayefundishwa vizuri hukwama asipokuwa na cheti, kwa sababu leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa mwenye sifa zinazothibitishwa. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia ujuzi kazini, na fundi mwenye kijana mikononi mwake anapaswa kumweleza hivyo na kumruhusu aende kupimwa.

Naiomba Halmashauri ya Jiji, kupitia idara yake ya elimu ya sekondari, ikusanye orodha ya karakana na ofisi zilizo tayari kupokea wanafunzi, izikague kwa usalama, na kuikabidhi kwa wakuu wa shule kabla ya likizo ya Juni. Karakana yangu iandikwe katika orodha hiyo.

Mzazi na fundi umeme,
Makorora, Tanga