Andiko limerudi kabla ya kusomwa? Mara nyingi shida sio utafiti wako

Kuna meseji tunazipata sana hapa ofisini kwetu tunapohariri maandiko ya utafiti yanayoenda kwenye majarida ya kitaaluma, mtu anaandika "jamani nimesabmiti juzi tu leo wamenirudishia, wapitiaji hata hawajaliona, kwani utafiti wangu una shida gani?" Ukifungua faili lake unakuta utafiti uko vizuri tu, ila andiko halijaandaliwa kwa ajili ya jarida, limeandaliwa kwa ajili ya supavaiza.

Iko hivi. Ukishabonyeza kutuma, andiko haliendi moja kwa moja kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaolitathmini, linaanzia kwa watu wa ofisi ya jarida wanaocheki idadi ya maneno, kibali cha maadili, picha kama zinasomeka, afu ndo linafika kwa mhariri ambaye ana mengine kibao yanamsubiri, kwa hiyo anasoma kichwa, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), barua uliyoambatanisha, anapitisha macho kwenye majedwali, basi. Mengi yanaishia hapo.

Tunachokutana nacho zaidi ni tasnifu iliyokatwakatwa. Mtu anachukua sura ya kwanza mpaka ya tano, anapunguza hapa na pale, anaita andiko. Sasa kwenye tasnifu ulikuwa unamwonyesha mtahini kwamba umesoma, ndo maana mapitio ya kazi za wengine yalikula kurasa na kurasa, lakini msomaji wa jarida anataka kujua kitu kimoja tu, nini hakijulikani na wewe umekuja kukijibu vipi. Utangulizi wa aya nne au tano unatosha kabisa. Zile aya za kueleza dodoso ni nini, toa. Ile aya nzima ya fomula ya Yamane ya 1967, ya kukokotoa idadi ya washiriki, na hesabu yake hatua kwa hatua, fanya sentensi moja. Inauma kufuta, tunajua, lakini jarida likisema mwisho maneno 4000 linamaanisha 4000.

Kingine ni namba kutokukubaliana, na hapa ndo tunapotumia muda mwingi kuliko sehemu yoyote. Tuseme ikisiri inasema washiriki 212, jedwali la kwanza ukijumlisha wanaume na wanawake unapata 208, afu kwenye majadiliano wamekuwa "zaidi ya 220". Wale wanne wameenda wapi? Pengine hawakumaliza kujibu, na hilo sio kosa, lakini liandike, maana mpitiaji akiona namba hazijumlishiki anaanza kutilia shaka na zile ambazo ziko sawa. Sisi tunachukua kikokotoo tunajumlisha kila safu, tunaangalia asilimia kama zinafika 100, tunalinganisha jedwali na maandishi mstari kwa mstari. Kazi inachosha hiyo, ila wapitiaji wengi wanaanzia hapohapo.

Ikisiri nayo. Sentensi kama "matokeo yameonyesha uhusiano muhimu na mapendekezo yametolewa" haimwambii mhariri chochote, ingeweza kuwa ya utafiti wowote duniani. Weka matokeo yenyewe, mfano "kati ya waliokumbushwa kwa simu asilimia 71 walirudi kliniki, wasiokumbushwa asilimia 54". Hapo mtu anajua anasoma nini.

Mengine ni madogo ila yanarudisha andiko vilevile. Kama jarida linataka majina yafichwe, kutoa ukurasa wa mbele peke yake haitoshi, jina lako limebaki kwenye taarifa za faili la Word, kwenye shukrani, na kwenye sentensi ya "kama tulivyoonyesha kwenye kazi yetu ya awali". Grafu usipige skrinshoti kutoka SPSS, ile programu ya takwimu, majarida mengi yanataka picha yenye ubora wa angalau dpi 300 (nukta kwa inchi). Kuna orodha za kuhakiki kama umeripoti kila kinachotakiwa: kama ni jaribio la kitabibu andaa ya CONSORT, kama ni mapitio ya kimfumo PRISMA, tafiti za uchunguzi zisizo na jaribio STROBE, na ujaze kweli namba ya ukurasa ambako kila kitu kipo, sio kutiki tu. Marejeo tumia Zotero, programu ya kuyapanga, ni bure, ukihama kutoka mtindo wa APA kwenda wa Vancouver unabadilisha kwa klik chache. Na kama ulisaidiwa na akili bandia fungua kila rejeo ulihakikishe lipo, maana zile programu zinatunga marejeo yanayofanana na ya kweli kabisa, na majarida mengi yanataka useme kama umezitumia.

Majina ya waandishi yanaleta ugomvi kila siku. Mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, una masharti manne ya kuitwa mwandishi: mchango wa maana kwenye utafiti, kushiriki kuandika au kulipitia andiko kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi. Yote manne, sio moja. Bosi aliyetafuta hela tu anakaa kwenye shukrani, na sisi pia tukikuhariria hatuwi waandishi.

Afu jarida moja kwa wakati mmoja, tafadhali. Kutuma matatu uone lipi litawahi ni kosa la kimaadili, ukigundulika unakosa yote. Na barua pepe inayokusifia na kuahidi utakubaliwa ndani ya siku tatu, achana nayo, lile jarida litafute kwanza kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi, kama linajiita la wazi (la kusomwa bure), au pitia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit. yanayokusaidia kujua kama jarida linaaminika.

Upande wetu: tunahariri lugha, tunapunguza, tunahakiki namba na marejeo, tunapanga kwa fomati ya jarida na kukusaidia barua ya kwenda kwa mhariri. Hatuandiki matokeo, hatugusi data, na hatumwahidi mtu kwamba atakubaliwa. Ukitutumia kazi tuma faili la Word sio PDF, majedwali yawe ya kuharirika, linki ya maelekezo ya jarida ulilochagua, na kama lilisharudishwa mahali weka na ile barua mhariri aliyokujibu hata kama ni mistari miwili, tunaanzia hapo.